Barua ya wakili imefika: maswali ambayo wanahabari huuliza kuhusu kesi za kuchafua jina

Maswali haya hunijia mara nyingi usiku, na karibu kila mara huja yakiwa yamechelewa. Habari imeshatoka, barua ya wakili imeshafika, na mwandishi wa mashinani anauliza kama itabidi auze pikipiki yake alipe fidia. Nimeyakusanya hapa ili yasomwe mapema. Sheria ninayoieleza zaidi ni ya Kenya, ambako nimefanya kazi ya uhariri. Pale ambapo Tanzania inatofautiana kwa jambo kubwa, nimesema.

Kuchafua jina ni nini hasa mbele ya sheria?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Sisi Wakenya tumezoea kuita "kashfa" sakata lolote la wizi wa mali ya umma, ilhali kwa mwanasheria wa Tanzania kashfa ni kule kumvunjia mtu heshima kwa maneno. Kwa hiyo hapa nitasema kuchafua jina.

Anayekushtaki anatakiwa aonyeshe mambo matatu: kwamba maneno yako yanamshusha hadhi mbele ya watu wenye busara, kwamba yanamhusu yeye, na kwamba yalimfikia angalau mtu mwingine mmoja. Si lazima awe ametajwa jina. Ukiandika "mwalimu mkuu wa shule ya wasichana iliyo mkabala na soko", na mji una soko moja na shule moja ya namna hiyo, umemtaja.

Linalowashtua wengi ni hili: yeye hahitaji kuthibitisha kwamba ulichoandika ni uongo. Mahakama inaanza kwa kukichukulia hivyo, na mzigo wa kuonyesha kwamba ni kweli unakuwa wako. Karibu kila jibu linalofuata linatokana na mzigo huo.

Naweza kufungwa jela kwa sababu ya habari niliyoandika?

Kenya ilikuwa na kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kuchafua jina kuwa kosa la jinai. Tarehe 6 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba aliyeharibiwa jina ana njia ya kudai fidia, na hakuna haja ya dola kumtupa mtu gerezani kwa ajili yake.

Upande wa Tanzania safari ilipitia Arusha. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwemo vya kashfa ya jinai, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha sheria hiyo na kashfa ikatolewa kwenye makosa ya jinai. Zanzibar ina sheria yake ya magazeti, ya mwaka 1988, kwa hiyo mwandishi wa Unguja au Pemba asijipimie kwa sheria ya Bara.

Hapo hapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi tarehe 5 Desemba 2014 ambao kila mwanahabari wa bara hili anapaswa kuujua. Mhariri wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté, alikuwa amehukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa makala kuhusu mwendesha mashtaka. Mahakama ilisema kumfunga mtu kwa kosa hilo kunakiuka ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika. Ukimpa wakili wako jina la kesi hiyo, hatakuuliza ni ipi.

Bado usilale. Wanaotaka kutisha siku hizi hukimbilia sheria za mtandao. Kenya ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni mwaka 2018, na vifungu vyake vya 22 na 23 kuhusu taarifa za uongo vimepiganiwa mahakamani tangu mwaka huo huo. Tanzania ina kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ukiitwa kituo cha polisi kwa jambo la namna hii, usiende bila wakili, na usiandikishe maelezo kabla hajafika.

Nilichoandika ni kweli. Si inatosha?

Inatosha ukiweza kukithibitisha. Ukweli ni utetezi kamili, na kifungu cha 14 cha Sheria ya Kashfa ya Kenya, Sura ya 36, kina huruma kidogo: ukiwa umetoa tuhuma kadhaa na moja ukashindwa kuithibitisha, utetezi hauanguki iwapo hiyo moja haimwongezei mdai madhara ya maana baada ya zile zilizothibitishwa.

Tatizo la chumba cha habari ni kwamba tunajua mambo mengi kuliko tunayoweza kuthibitisha. "Kila mtu anajua" haipandi kizimbani kutoa ushahidi. Chanzo chako kinachoogopa hakitapanda. Nakala ya picha isiyoonyesha imetoka wapi itapingwa. Kabla habari haijatoka, shika kila sentensi yenye tuhuma ujiulize: nikiulizwa mahakamani miaka miwili kutoka leo, nani atasema hili kwa niaba yangu, au ni karatasi gani nitaitoa?

Kuna mambo matatu ambayo waandishi huyachanganya: kwamba mtu alifanya kosa, kwamba zipo sababu za kumshuku, na kwamba anachunguzwa. "Mhasibu aliiba" inahitaji ushahidi wa wizi. "Mhasibu anachunguzwa" inahitaji barua ya uchunguzi, au afisa anayekubali kunukuliwa. Ukiwa na barua ya uchunguzi tu, andika habari ya uchunguzi. Bado ni habari kubwa.

Nikitumia "inadaiwa" je?

Neno hilo limewaponza wengi. Anayerudia tuhuma ya mwingine anahesabiwa kama aliyeitoa yeye. "Inadaiwa kuwa diwani alichukua hongo" kwa macho ya mahakama ni tuhuma ya hongo, na utaulizwa kama hongo ilichukuliwa, wala si kama kuna mtu alidai. "Inadaiwa" ina faida pale tu unaporipoti jambo lenye kinga, na hilo ndilo swali linalofuata.

Kinga ni nini, na inanilinda wapi?

Kuna mahali ambapo sheria imeamua kwamba watu kupata habari ni muhimu kuliko jina la mtu mmoja. Hapo unalindwa hata kama aliyesema alisema uongo.

Mahakamani ndipo penye ulinzi mkubwa zaidi. Kifungu cha 6 cha Sheria hiyo ya Kashfa kinasema ripoti ya gazeti iliyo sahihi na ya haki, kuhusu shauri lililosikilizwa mahakamani, ina kinga kamili. Nilianza kazi hii nikiwa mwandishi wa mahakama, na mhariri wangu alinifundisha kuandika pembeni mwa daftari saa ambayo kila jambo lilisemwa: 9.40 mashtaka yamesomwa, 9.45 amekana, 9.50 dhamana. Nilidhani ni ukali wake tu. Kumbe safu ile nyembamba ya saa ndiyo iliyoonyesha, siku moja wakili alipokuja juu, kwamba maneno tuliyochapisha yalisemwa mbele ya hakimu na si kwenye korido.

Korido haina kinga. Anachokwambia afisa wa upelelezi mlangoni, anachosema mama wa mlalamishi akilia nje ya lango, hati iliyowasilishwa masijala ambayo bado haijasikilizwa: vyote viko nje ya kifungu cha 6. Pia ripoti lazima iwe ya haki. Ukiandika siku ya mashtaka kwa ukurasa mzima, kisha mtu akaachiliwa huru nawe ukanyamaza, haki yenyewe imekwenda wapi? Fuata kesi mpaka mwisho. Mimi naliona hili kama deni kwa mtu uliyemweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Baada ya hapo kuna kinga yenye masharti, chini ya kifungu cha 7. Hii inagusa ripoti za mambo kama mikutano ya hadhara iliyoitishwa kihalali kujadili jambo la umma. Inaondoka ukithibitishwa kuwa na nia mbaya. Na kwa baadhi ya ripoti hizo inaondoka pia iwapo aliyetajwa alikuomba uchapishe maelezo yake nawe ukakataa. Barua ya mtu anayelalamika kuhusu mkutano wa baraza basi usiitupe kwenye pipa. Kuichapisha kunaweza kuwa ndiko kunakokuokoa.

Tahadhari kwa wanaoandika mtandaoni: sheria hii ni ya mwaka 1970 na inazungumza kwa lugha ya magazeti. Mwenye blogu au ukurasa wa Facebook asidhani kinga hizi ni zake moja kwa moja.

Safu ya maoni je? Nina uhuru zaidi?

Ndiyo, kwa masharti. Kifungu cha 15 kinalinda maoni ya haki kuhusu jambo la umma. Maoni yaonekane kuwa ni maoni, na yasimame juu ya ukweli uliouweka mezani msomaji auone. "Gavana alitumia bajeti ya dawa kununua magari, kama ripoti ya Mkaguzi Mkuu inavyoonyesha, kwangu mimi hiyo ni dharau kwa wagonjwa" ni maoni. "Gavana ni mwizi" ni tuhuma, hata ukiitia "nadhani" mbele yake.

Kama jambo ni la manufaa ya umma lakini nikakosea?

Hapa ndipo sheria imesogea upande wetu. Mwaka 1999 mahakama ya juu ya Uingereza, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Times Newspapers, ilikubali kwamba mwandishi anayefanya kazi kwa uwajibikaji kuhusu jambo la umma anaweza kulindwa hata pale ukweli unapomshinda kuthibitisha. Lord Nicholls aliorodhesha mambo kumi ya kuangalia, na mawakili wa Kenya wamekuwa wakiyapeleka mbele ya majaji wetu. Tuhuma ni nzito kiasi gani? Chanzo kina uhasama na mtu huyu? Ulithibitisha vipi? Ulikuwa na haraka ya kweli? Ulimpigia mhusika kumwuliza? Ukaweka upande wake kwenye habari? Na uliandika kwa sauti gani?

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo, katika Azimio lake la mwaka 2019, ilisema mtu asiwajibishwe kwa maneno ambayo yalikuwa ya busara kuyasema katika mazingira yale, na kwamba viongozi wa umma wanapaswa kuvumilia ukosoaji zaidi ya raia wa kawaida.

Kati ya yote hayo, simu kwa mhusika ndiyo ninayoigombania kila siku. Si simu ya dakika kumi kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Tuma maswali kwa maandishi, mpe muda unaoeleweka, piga tena, andika saa ulizopiga. Picha ya skrini ya ujumbe uliosomwa bila kujibiwa ni ushahidi mzuri sana.

Barua ya wakili imefika. Nifanye nini?

Usiijibu. Usiipige picha na kuiweka kwenye X pamoja na maneno ya kejeli. Usiifute habari wala usiiguse kabla ya kuongea na mhariri na wakili, kwa sababu kufuta kwa siri kunaweza kuonekana kama kukiri, na unaweza kupoteza nakala unayohitaji. Andika tarehe na saa ilipofika, na nani aliipokea. Kusanya daftari, rekodi za sauti, ujumbe wa WhatsApp, rasimu zote na maagizo ya mhariri, uvifungie mahali pamoja.

Kisha isome polepole, mstari kwa mstari, kwa sababu barua hizi huandikwa ili zitishe. Nakumbuka moja ya kurasa tatu kutoka kwa mkandarasi wa visima. Ilidai maneno kumi na moja yamemchafua, ikataka radhi ukurasa wa kwanza ndani ya siku saba, na fidia ya mamilioni. Tuliketi na kijana aliyeandika, kila mmoja na kalamu. Maneno kumi kati ya kumi na moja yalikuwa na karatasi nyuma yake: hati ya malipo, picha za eneo, barua ya kamati ya maji. La kumi na moja halikuwa nayo. Kijana alikuwa ameandika kwamba mkandarasi "alikula" pesa za kisima. Tulichoweza kuthibitisha ni kwamba alilipwa na kisima hakikuchimbwa. Pesa zimekwenda wapi hatukujua, huenda zilikwama mahali pengine kabisa. Tulisahihisha neno hilo moja hadharani, tukasimamia kumi yaliyobaki, na wakili wetu akajibu kwa aya mbili. Hatukusikia tena. Kijana yule leo ni mhariri, na ameniambia kuwa neno "alikula" huwa analikata kwa wino mwekundu.

Ukipelekewa samansi ya mahakama badala ya barua, hilo ni jambo jingine. Siku za kujibu huwa chache na zimeandikwa humo. Ukizipuuza, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa, hata kama habari yako ilikuwa kweli tupu.

Nikiomba radhi, si nimekubali kosa?

Radhi hupunguza fidia. Kama uliyemchafua hukumkusudia, kwa mfano jina la mshukiwa wa kubuni likagongana na la mtu halisi, kifungu cha 13 kinakupa njia ya kutoa pendekezo la kurekebisha: masahihisho na radhi, na kesi inaweza kuishia hapo. Katiba ya Kenya nayo, ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishwa taarifa za uongo zinazomhusu. Lakini maneno ya radhi yapitiwe na wakili. Na ukikosea kweli, omba radhi ya kueleweka, kwa ukubwa unaolingana na kosa. Mtu ana jina lake tu, naye ana watoto wanaosoma magazeti.

Fidia inaweza kufika kiasi gani?

Kubwa. Kifungu cha 16A kinaweka viwango vya chini: si chini ya shilingi milioni 1 ukiwa umemhusisha mtu na kosa linaloadhibiwa kwa kifo, na si chini ya shilingi 400,000 kwa kosa la kifungo kisichopungua miaka mitatu. Juu hakuna kikomo. Mwaka 2000 Nicholas Biwott, mmoja wa mawaziri wenye nguvu wa enzi za Moi, alipewa shilingi milioni 30 kuhusu kitabu kilichomhusisha na kifo cha Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje wa Kenya aliyeuawa. Mwaka 2002 akapewa milioni 20 dhidi ya gazeti la The People. Kwa gazeti dogo, hesabu kama hiyo ni mlango kufungwa.

Kuna muda wa mwisho wa kunishtaki?

Kenya ni miezi 12. Tanzania ni miaka mitatu, kama madai mengine ya madhara. Madaftari basi usiyachome mapema. Na aliyefariki hachafuliwi jina kisheria. Familia haiwezi kudai fidia kwa niaba yake, ila wanafamilia walio hai wanaweza kudai iwapo maneno yanawagusa wao wenyewe.

Wanaweza kuzuia habari isitoke kabisa?

Wanajaribu, na mara nyingine hupata zuio la muda bila wewe kuwepo. Mahakama zimesema mara nyingi kwamba kwenye kesi za kuchafua jina zuio la mapema litolewe kwa nadra, hasa pale mchapishaji anaposema atathibitisha ukweli. Ila amri ikishatolewa, itii huku ukiipinga. Kuidharau mahakama ni kosa jingine kabisa.

Anayenishtaki ana pesa nyingi na hana kesi. Anataka ninyamaze tu.

Ndizo kesi za kunyamazisha, na zinaniuma kuliko zote, kwa sababu mdai hahitaji kushinda. Kukuchosha miaka minne kunamtosha. Afrika Kusini imepiga hatua: Novemba 2022 Mahakama ya Katiba, katika shauri la kampuni za madini dhidi ya wanaharakati wa mazingira, ilikubali kwamba kesi ya namna hii inaweza kutupwa kama matumizi mabaya ya mahakama. Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yake mwaka 2024. Sisi hatuna sheria mahususi, na tunaihitaji. Kwa sasa wakili anaweza kutumia hoja ya matumizi mabaya ya mahakama pamoja na ibara za 33 na 34 za Katiba, na kuomba gharama.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Nitapata wapi wakili?

Mwandishi, mhariri na mchapishaji wanaweza kushtakiwa wote pamoja, kwa hiyo uliza chombo kilichonunua habari kama kitakutetea, na uulize kabla ya kuiuza. Kikikuruka, Kenya jaribu chama cha wanahabari KUJ au ofisi ya ARTICLE 19 iliyoko Nairobi. Tanzania kuna Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na mtandao wa watetezi wa haki THRDC. Hao watatu ndio waliofungua ile kesi ya Arusha. Media Defence ya London husaidia kulipia mawakili katika nchi nyingi. Ukiwapigia, uwe na habari kama ilivyochapishwa, barua au samansi yenye tarehe ya kufika, na daftari lako.